Mkate kupungua sio wizi, wizi ni tundu la chini ya meza

Ndugu Mhariri,

Mwangaluka. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na uniwie radhi kama nitakuwa mrefu maana mimi sio mtu wa kuandika, mimi ni mtu wa kukanda unga, ila kuna jambo limenikaa kooni wiki mbili sasa kama mkate mkavu bila chai.

Kuna kaka mmoja aliandika humu humu kwenye ukurasa wako kwamba mikate ya mtaani hapa Mwanza inazidi kuwa midogo na bei ni ile ile, sawa, hapo sina ubishi. Ila akaendelea kwamba hii yote imeletwa na akina mama waliovamia biashara, kwamba zamani kazi ya kuoka ilikuwa ya wanaume wenye fani yao na mkate ulikuwa mkate kweli, na akamaliza kwa kutuita wezi. Wezi kabisa, kwa herufi.

Sasa mimi ni mmoja wa hao wavamizi. Nina bekari ndogo Kirumba, tanuri la matofali la kuni, vijana wawili wa kukanda na dada mmoja wa kufungasha, na mtu wa bodaboda anayepeleka kwa mangi Pasiansi na Kitangiri kabla watoto hawajaenda shule. Nimeianza na marehemu mume wangu, yeye akiwa na kazi yake nyingine na bekari akiiona kama mchezo wangu, mpaka alipofariki ndo ikawa chungu cha nyumba nzima. Kwa hiyo naandika kama mtuhumiwa.

Na nianze kwa kukiri maana nisipokiri mimi kuna watu Mwaloni watanikiria. Mwaka 2022 vita ya Ukraine ilipoanza bei ya unga wa ngano ikapanda, mfuko niliokuwa nanunua asubuhi nikirudi jioni nakuta una bei nyingine, na mafuta ya kula nayo ndo hivyo hivyo, na mimi nikafanya kile ambacho kila mtu alifanya, nikapunguza donge. Nilikuwa nakata donge la gramu 450 nikashuka 400, na sikumwambia mtu. Nikajisemea nani atajua, mkate ukiumuka vizuri unajaa kwenye kibati ule ule, hewa haina bei. Wiki ya pili akaja mama mmoja anauza samaki pale Mwaloni, mteja wangu wa siku nyingi, kaja na mzani wake wa samaki bado una magamba, akaweka mkate wangu juu mbele ya foleni nzima. Hakupiga kelele. Akasema tu, "Mama Mikate, mimi nikikupunja sato robo kilo unanitukania ukoo mzima, haya na hapa tuseme nini?" Mhariri, nilitamani kuingia kwenye tanuri.

Usiku ule sikulala. Binti yangu anasoma historia chuo, na akiwa likizo ananisaidia zamu ya usiku, yeye anasoma kwenye simu kwa sauti mimi nakanda, tunafukuza usingizi. Nikamweleza yaliyonikuta na mzani. Akacheka afu akaniambia mama hii kesi yako ni ya zamani sana, Uingereza walishaitungia sheria mwaka 1266 au hapo hapo, wakati wa mfalme Henry wa Tatu. Ndo hapo nikaanza kumsumbua kila usiku anisomee habari za waokaji wa enzi zile za kati, na hasa wanawake, na ndo maana leo namjibu huyu kaka kwa kujiamini.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi, na naomba wasomaji wasikilize vizuri maana itawashangaza. Bei ya mkate haikuruhusiwa kupanda. Kulikuwa na mkate wa robo peni, na ulibaki wa robo peni mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Kilichobadilika ni uzito. Ngano ikiwa rahisi mkate unanenepa, ngano ikiwa ghali mkate unakonda, na sio kwa kukadiria, ilikuwa imeandikwa kwenye jedwali: kipimo chao cha ngano walichoita kwota, ambacho ni kilo 200 na kitu, kikiuzwa peni 12, basi mkate mweupe wa robo peni uwe na uzito wa pauni 6 na shilingi 16. Usishangae pauni na shilingi, walikuwa wanapima kwa hela, sarafu za fedha ndo zilikuwa mawe ya mzani. (Mtu asijaribu na hizi za kwetu tafadhali.) Na kwota ikipanda kufika shilingi 2, yani mara mbili, mkate unashuka mpaka shilingi 68, nusu kamili. Piga hesabu mwenyewe utaona, peni 12 kwa shilingi, shilingi 20 kwa pauni.

Kwa hiyo mkate kupungua na bei kubaki pale pale, kitu ambacho kaka yetu anakiita wizi wa kisasa wa akina mama, ilikuwa amri ya mfalme. Na ilidumu, London waliifuta 1822 na kwingineko Uingereza 1836, hesabu hapo ni zaidi ya miaka 550 serikali ina macho yake kwenye mzani wa mkate.

Lakini hicho sio kilichonigusa zaidi. Kilichonigusa ni kwamba sheria ile ile iliandika muokaji apate nini. Binti aliponisomea nikamwambia rudia. Kwa kila kwota ya ngano muokaji anaruhusiwa faida ya peni 4, pamoja na pumba, na mikate miwili ya juu. Afu gharama zake zinahesabiwa moja moja: vibarua watatu peni moja na nusu, vijana wawili nusu peni, chumvi nusu peni, mshumaa robo peni, kitambaa cha kuchekechea unga nusu peni, na kuni peni 2. Mshumaa, Mhariri! Kuna mtu serikalini mwaka 1266 alikaa akafikiria kwamba huyu anaoka usiku, atahitaji mwanga, tumwekee robo peni. Na tazama kuni, ni ghali kuliko vibarua watatu wote kwa pamoja. Mimi nikaangalia lile rundo langu la kuni lililotoka kwa fuso juzi na bei yake nikasema kweli dunia haijasogea. Mtu anayenunua mkate anaona unga tu. Haoni kuni, haoni umeme wa kusubiri, haoni mkate uliorudi kwa mangi umeota ukungu na mangi anakata kwenye hela yako.

Sasa tuje kwenye hili la wanaume wenye fani yao.

Kuoka miji ile ya Ulaya kwa kweli vitabu vya chama cha waokaji vilijaa majina ya wanaume, hilo simnyimi. Ila jina kwenye kitabu ni jambo moja na mikono kwenye unga ni jambo jingine, na yeyote aliyewahi kuona biashara ya familia anajua namaanisha nini. Bekari ilikuwa nyumba. Tanuri liko nyuma au chini, watu wanalala juu, mke anachekecha, anakanda, anapanga mikate, anauza dirishani, anadai madeni, na mume akifa yeye anaendelea na kazi kama mjane, miji mingi iliruhusu hivyo maana ukifunga bekari mtaa unakosa mkate. Ndo maana wajane unawakuta. Na baada ya ile tauni kubwa iliyoingia Uingereza 1348 ikaua watu kati ya theluthi na nusu, nyumba ngapi unadhani ziliamka mwanamke ndo aliyebaki anayejua jinsi ya kuwasha tanuri?

Na kazi yenyewe, jamani. Tanuri lao lilikuwa kama langu, kuba la matofali au mawe, hakuna moto pembeni, matita ya kuni yanawashwa humo humo ndani yanaungua mpaka kuba linashika joto, afu unakokota majivu na makaa yote nje, unapiga deki kwa kitambaa kibichi kwenye mti mrefu, unaingiza mikate kwa ubao wenye mpini, unafunga mlango. Hakuna kipimo cha joto. Unarusha unga kidogo sakafuni mwa tanuri, ukiungua mweusi haraka subiri, ukienda kahawia taratibu ingiza. Mimi bado nafanya hivi hivi na vijana wangu wananicheka wanasema mama nunua themomita. Themomita niliyonunua ilipasuka siku ya tatu.

Hamira ya pakti hawakuwa nayo. Walitumia donge la jana lililochacha, au povu la pombe walilochukua kwa wapika pombe, ambao enzi zile kabla ya tauni wengi wao walikuwa wanawake pia. Kwa hiyo mama wa pombe anamuumulia mkate mama wa bekari. Hili kwa watu wa pwani sio geni, tembo la mnazi liliumua vitumbua miaka na miaka. Kuna mama mmoja wa mji wa Lynn huko Uingereza, Margery Kempe anaitwa, alipika pombe miaka mitatu au minne akawa mkubwa kwenye biashara, afu povu likaanza kumgomea, linapanda vizuri ghafla linaanguka, pombe inaharibika moja baada ya nyingine. Akaacha akafungua kinu cha kusagia cha farasi, farasi nao wakagoma kuvuta. Watu wakasema ana laana. Nilipoisikia hiyo nikacheka mpaka machozi, maana nyie mnajua Kanda ya Ziwa yetu, mwanamke biashara ikimwendea vizuri ana dawa, ikimharibikia karogwa, hakuna siku mtu anasema pengine povu lilikuwa baya au alinunua farasi mbovu.

Na sio waokaji tu. Waliokuwa wanazungusha mikate mtaani na vikapu London wengi walikuwa wanawake, machinga wa enzi hizo, wanachukua kwa muokaji wanauza nyumba kwa nyumba, na faida yao ilikuwa kwamba wakilipia 12 wanapewa 13. Ule mmoja wa juu ndo ugali wa watoto. Wengine wanasema huo wa kumi na tatu muokaji aliuongeza kwa kuogopa mzani, kwamba mikate 12 ikipungua gramu chache basi wa ziada unafidia, na mimi naamini vyote viwili maana mkate ni mjanja, ukitoka kwenye moto una uzito mmoja, ukipoa una mwingine, maji yanapotea. Donge la 450 linatoa mkate wa kama 400 hivi na ukiuacha usiku kucha unapungua tena. Huyu kaka aliyepima mkate wake sijui aliupima siku ya ngapi.

Mtu asidhani ilikuwa Ulaya tu. Karne ya 12 huko Sham, yani Syria na jirani zake, kulikuwa na mkaguzi wa soko anaitwa muhtasib, na mtu mmoja anaitwa al-Shayzari aliandika mwongozo wa kazi hiyo, na kwenye waokaji amekaza kweli kweli: paa la bekari liwe juu na lenye tundu pana la moshi, mtu asikande unga kwa miguu wala magoti wala viwiko, avae nguo yenye mikono ya kubana, afunge mdomo asije akapiga chafya au kutema mate akiongea, afunge kitambaa cheupe kwenye paji la uso jasho lisidondoke, anyoe nywele za mikono, na akikanda mchana awepo mtu pembeni na usinga wa kufukuza nzi. Miaka 800 na zaidi iliyopita! Nimewabandikia vijana wangu ukutani. Na maneno tunayotumia kila siku, tanuri, hamira, yametoka kwa watu hao hao, Kiarabu kile. Huku kwetu ziwani wakati huo hata ngano hatuna, ni ulezi na mtama, mawe ya kusagia na mwanamke kapiga magoti tangu alfajiri. Mahindi hayajafika, muhogo haujafika, na ukienda ziwani hamna sangara. Hata kaka yangu huyu angeishi enzi hizo angelalamikia kitu gani sijui.

Haya, nirudi kwenye wizi, maana nimesema wizi upo na upo kweli, na hapa ndo naomba tuelewane.

Mwaka 1327 London walikamatwa waokaji na mwenye jina kubwa kwenye kesi ni John Brid. Zamani majirani wengi hawakuwa na tanuri, unakanda unga wako nyumbani unaupeleka kwa muokaji anakuokea kwa malipo kidogo. Vijijini wengine walilazimishwa kutumia tanuri la bwana mwenye ardhi na kulilipia, ule ukabaila tuliofundishwa shule, kama nyarubanja kule Bukoba ila wa mkate. Sasa John Brid alitoboa tundu kwenye meza yake ya kukandia, lina kifuniko kama mtego wa panya. Jirani anaweka donge lake mezani, anaangalia kwa macho yake mawili, na chini ya meza kakaa mtumishi, anafungua kidogo kidogo anamega donge kutoka chini, juu mwenye nalo anaona unga wake upo tu unakandwa. Kwa siku anakusanya madonge mangapi ya bure! Msako ukafanyika, wakakutwa wengine wenye meza kama hizo. Wanaume waliokutwa na donge chini ya meza wakasimamishwa kwenye mbao za aibu hadharani na madonge yamening'inizwa shingoni.

Na kati ya waliokamatwa walikuwemo wanawake wawili waokaji, Alice de Brightenoch na Lucy de Pykeringe. Hao hawakupelekwa kwenye mbao. Wakajitetea kwamba wana waume, na kwa hiyo kosa lisihesabiwe kwao. Wakarudishwa jela ya Newgate wakangoje itakavyoamuliwa.

Nimewafikiria sana wale wawili, sijui kwa nini. Binti yangu anasema ni ujanja, walijificha nyuma ya waume. Mimi nasema inawezekana ni ujanja, ila nani alitoboa meza? Na hata kama walitoboa wao, ona ulivyo mtego: siku ya faida bekari ni ya mume, siku ya kesi mwanamke anaombwa awe na bekari. Kwa sheria yao mke alikuwa ndani ya mume wake, mali yake ya mume, deni lake la mume. Ila London palikuwa na mlango mmoja, mwanamke mwenye mume akifanya biashara yake mwenyewe mume hana mkono ndani, aliweza kuhesabiwa kwa biashara hiyo kama vile hana mume: anadaiwa mwenyewe, anashitakiwa mwenyewe, analipa mwenyewe. Mimi ningechagua mlango huo pamoja na hatari zake. Mume wangu alipofariki nilienda sehemu fulani kuomba mkopo wa kununua mashine ya kukandia, sitataja wapi, kijana wa kaunta akaniuliza biashara ni ya nani, nikasema yangu, akasema karatasi zote zina jina la mzee. Miaka kumi na moja nimeamka saa nane usiku na karatasi zina jina la mzee, mzee ambaye Mungu amrehemu hakuwahi kujua hamira inawekwa kiasi gani. Nikaishia kwenye kausha damu, nikalipa marejesho ya kila wiki kwa kulia, afu mtu anakuja kuandika gazetini kwamba tumevamia.

Turudi kwenye tundu. John Brid kumbuka hakupunguza mkate akauza kwa bei ile ile, hilo lilikuwa halali kabisa na lilikuwa na jedwali lake. Kosa lake ni kwamba mwenye unga alikuwa anaangalia juu na yeye anachukua chini. Na mimi mwaka 2022 nilipokata donge la 400 nikanyamaza, nilikuwa na tundu. Dogo, lisilo na mtumishi chini, ila tundu. Yule mama wa sato alikuwa sahihi na nimeshamwambia hivyo, na mkate wake siku hiyo alichukua bure na akachukua na skonzi nne, na sikusema kitu.

Nilichofanya baada ya hapo ni hiki. Nimenunua mzani mdogo wa kidijitali, nimeuweka dirishani upande wa mteja, sio upande wangu. Na kuna ubao mweusi wa chaki, kila asubuhi dada wa kufungasha anaandika: mkate wa leo buku, gramu kadhaa. Unga ukipanda gramu zinashuka na ubao unasema. Unga ukishuka gramu zinapanda, na ndio, zimeshapanda mara mbili, watu hawakuamini wakadhani dada kakosea kuandika. Mwanzoni nilipoteza wateja, kwa kweli, maana jirani yangu hapo barabarani anauza mkate mwepesi kuliko wangu ila hana ubao kwa hiyo wake unaonekana mkubwa. Ni hewa ile. Baada ya mwezi hivi wakaanza kurudi, na wengine wanakuja kupima mikate ya jirani kwenye mzani wangu, jambo ambalo limeleta maneno kidogo mtaani lakini hayo yatapoa.

Kwa hiyo ninachoomba kupitia gazeti lako, na nawaomba hasa wenzangu wa Igoma, Buhongwa, Nyegezi, Mkuyuni na huko kote, tuandike gramu. Mikate ya viwanda vikubwa ina gramu kwenye mfuko, sisi wa mtaani mifuko yetu ina picha ya ngano na neno Karibu tena. Muhuri haugharimu sana, waokaji wa London walilazimishwa kila mmoja awe na alama yake kwenye mkate ili ukipungua wajue pa kubisha hodi, na hawakuwa na printa. Na wale wanaotuletea wakaguzi, nawapokea kwa mikono miwili, ila waje na hesabu kamili kama ile ya mwaka 1266, waulize kuni bei gani, waulize mfuko wa unga umepandaje toka mwezi jana, wasije na mzani tu.

Na huyu kaka aliyeandika, bila kinyongo, karibu Kirumba. Ubao upo, mzani upo, chai ya tangawizi ipo. Ila uje kabla ya saa mbili asubuhi, baada ya hapo mikate inakuwa imeisha zinabaki skonzi, na skonzi bado sijaziandikia gramu.

Wabeja sana,

Mama Mikate
Kirumba, Mwanza